Ronald Ngala: Sauti ya Pwani iliyohamia upande wa serikali

JUMANNE Novemba 10, 1964, Kiongozi wa Upinzani katika Bunge la Kenya, Ronald Gideon Ngala, alisimama mbele ya wabunge wenzake na kutangaza kwamba chama chake cha KADU kimevunjwa. Tangu siku hiyo yeye na wale waliobaki naye wangekaa upande wa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta.

Kwa wafuasi wa KANU ilikuwa siku ya furaha. Nchi ilikuwa imebakisha mwezi mmoja kuwa jamhuri, na sasa ingeingia katika zama hizo ikiwa na chama kimoja tu Bungeni.

Kwa watu wa Pwani ilikuwa siku ya maswali. Mtu waliyemtuma Nairobi kulinda ardhi, shule na ajira zao alikuwa ameiweka chini silaha aliyoipigania kwa zaidi ya miaka mitatu, yaani serikali za majimbo. Silaha hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane kutoka Vanga hadi London.

Zaidi ya nusu karne imepita na swali lile bado linaulizwa katika vibaraza vya Mombasa, Kilifi na Malindi. Je, Ngala aliiuza Pwani, au aliiokoa na balaa kubwa zaidi? Jibu haliwezi kupatikana kwa kuitazama siku ile moja. Ni lazima kumfuata mtu mwenyewe tangu alikotoka.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika eneo la Gotani, karibu na Kaloleni, miongoni mwa Wagiriama. Hao ni moja ya jamii tisa za Wamijikenda wanaoishi nyuma ya miji ya mwambao wa Kenya.

Alizaliwa katika nyumba za watu waliokuwa bado wanauguza jeraha. Mwaka 1914, miaka tisa tu kabla ya kuzaliwa kwake, Wagiriama walikuwa wamewakatalia Waingereza vijana wa kazi na kodi, wakihamasishwa na mwanamke shujaa, Mekatilili wa Menza. Waingereza walijibu kwa kuilipua Kaya Fungo kwa baruti, kuchoma nyumba na kuwaondoa watu kaskazini ya Mto Sabaki.

Vita hivyo vilikuwa na mzizi mmoja, nao ulikuwa ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wakazi wa ukanda wa pwani wadai ardhi zao na kuzithibitisha kwa maandishi. Waliokuwa na nyaraka na walioijua njia ya kufika ofisini, wengi wao wakiwa Waarabu, Waswahili wa mijini na wafanyabiashara wa Kihindi, walipata hati. Sehemu kubwa ya iliyobaki ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Wamijikenda, ambao umiliki wao ulikuwa wa ukoo na mipaka yao ilikuwa miti na makaburi, wengi walibaki bila kitu mkononi. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota juu ya udongo ambao babu zao waliulima.

Huo ndio urithi alioukuta Ngala. Lakini njia aliyoichagua kuukabili haikuwa ile ya Mekatilili. Yeye alishika kalamu na chaki.

Alisoma katika shule ya wamisionari ya St John's, Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, halafu Alliance huko Kikuyu, na hatimaye Makerere nchini Uganda, alikofunzwa ualimu. Kwa kijana wa Kigiriama wa miaka ile hiyo ilikuwa safari ndefu mno. Waliofika huko kutoka bara ya Pwani walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Aliporudi alifundisha na kuwa mwalimu mkuu, kwanza Mbale katika milima ya Taita na kisha katika shule ya Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake kidogo cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama, kilichoeleza mila za watu wake na ardhi yao.

Ualimu ulimpa vitu viwili ambavyo siasa ilivihitaji baadaye. Kwanza, ulimfanya ajulikane nje ya kabila lake. Mwalimu aliyekaa Taita na Mombasa hakuwa tena mtu wa Kaloleni peke yake. Pili, ulimfunza kuongea kwa utulivu na kwa hoja, tabia iliyomtofautisha na wanasiasa wengi wa kizazi chake waliowasha mikutano ya hadhara kwa maneno ya moto.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya kila mtu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, mali, mshahara au utumishi wa kiwango fulani, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu.

Walichaguliwa Waafrika wanane kwa nchi nzima. Miongoni mwao walikuwamo Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa na Masinde Muliro. Kutoka Pwani alichaguliwa mwalimu Ngala.

Kiti chake kilikuwa na ukubwa wa kutisha. Mtu mmoja alipaswa kuwasemea watu wa kutoka Vanga, mpakani mwa Tanganyika, hadi Kiunga, mpakani mwa Somalia, na kutoka bandari ya Mombasa hadi milima ya Taita na kingo za Mto Tana. Kuvuka hori la Kilifi kulihitaji kivuko, na njia ya kwenda Lamu ilikatika mafuriko yalipokuja.

Wajumbe hao wanane walikataa nyadhifa za uwaziri walizopewa na serikali ya kikoloni, wakidai kwanza viti zaidi na katiba mpya. Ngala alikuwa pamoja nao katika msimamo huo, na heshima yake ikakua haraka.

Ulipofika mkutano wa katiba wa Lancaster House mjini London, Januari 1960, Waafrika walimchagua Ngala awe kiongozi wa ujumbe wao, na Mboya akawa katibu. Kati ya majabali wale wenye makabila makubwa nyuma yao, mtu wa jamii ndogo ya Pwani ndiye aliyeonekana kuwa wa kuaminiwa na pande zote.

Mkutano huo ulifungua mlango wa utawala wa walio wengi. Lakini mlango ulipofunguka, hofu nayo iliingia. Nani hasa watakuwa hao walio wengi?

KANU ilipoundwa mwaka huo wa 1960, ilimchagua Ngala kuwa mweka hazina na Moi kuwa naibu wake, wote wawili wakiwa nje ya nchi. Walikataa. Machoni mwao chama hicho kilikuwa cha Wakikuyu na Wajaluo, na nafasi walizopewa zilikuwa za kupamba meza.

Juni 25, 1960, huko Ngong, vyama vidogo vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya, Wasomali na watu wa Pwani viliungana na kuunda KADU. Ngala akawa rais wake na Muliro makamu. Hivyo mwalimu wa Kaloleni akawa msemaji wa jamii ndogo za Kenya nzima, na kilio cha Pwani kikapata wenzake.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulionyesha udhaifu wa chama hicho. KANU ilipata viti 19 na KADU 11, na katika hesabu ya kura pengo lilikuwa kubwa zaidi. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiwe huru. Baada ya majadiliano, Ngala alikubali kuunda serikali kwa msaada wa wajumbe wa Kizungu na wa Kiasia pamoja na Gavana Sir Patrick Renison, naye akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali.

Uamuzi huo ulimgharimu. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa walowezi, na tuhuma hiyo haikumtoka maisha yake yote. Si kweli kwamba haikuwa na msingi wowote. KADU ilipata marafiki, fedha na washauri miongoni mwa walowezi ambao nao waliogopa serikali kuu yenye nguvu.

Hata hivyo ni serikali hiyo ya Ngala iliyokuwapo Kenyatta alipoachiwa Agosti 1961, na ni katika kipindi chake ndipo nyumba ya Mzee ilipojengwa Gatundu. Ngala alitarajia labda kwamba Kenyatta angekuwa mpatanishi juu ya vyama vyote viwili. Miezi michache baadaye Kenyatta alichukua uongozi wa KANU, na matarajio hayo yakaisha.

Hapo ndipo majimbo yalipogeuka kutoka wazo na kuwa vita. Hoja ya Ngala ilikuwa rahisi kueleweka. Katika Bunge la mtu mmoja kura moja, jamii ndogo itashindwa kila siku, hata iwe na haki kiasi gani. Mbunge wa sehemu ya mbali anaweza kusema mpaka sauti ikauke, lakini mwisho wa mjadala kura huhesabiwa. Kwa hiyo sehemu hizo zinahitaji mamlaka yao wenyewe juu ya ardhi, elimu, afya na polisi, mamlaka ambayo katiba inayalinda na ambayo wengi Nairobi hawawezi kuyafuta asubuhi moja.

KANU ilijibu kwamba huo ni ukabila uliovishwa nguo ya katiba, kwamba nchi maskini haiwezi kulipia serikali saba, na kwamba majimbo yangewafanya Wakenya wageni ndani ya nchi yao. Mjini Mombasa, ambako maelfu ya wafanyakazi wa bandari walitoka bara, maneno hayo yalipata masikio.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster House mwaka 1962, Ngala alipata alichokitaka. Katiba iligawa nchi katika majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake la kutunga sheria, na ikaunda Seneti ya kuyalinda. Katika serikali ya mseto iliyofuata, Ngala na Kenyatta walikaa kama mawaziri wa dola wenye hadhi sawa, wote wawili wakishughulikia katiba.

Wakati huohuo Pwani yenyewe ilikuwa na ugomvi wa ndani. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1895, mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake. Waarabu na Waswahili wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu walitaka ukanda huo ujitegemee au urudi kwa Sultani. Vuguvugu lao lilijulikana kama Mwambao.

Ngala alilipinga. Kwake, Mwambao ulikuwa mpango wa kuwatenga Wamijikenda na bahari yao na kuwaacha mamwinyi wa zamani na ardhi yote nzuri. Alitaka Pwani moja, ukanda na bara yake pamoja, ndani ya Kenya yenye majimbo.

Mwishoni mwa mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa kulichunguza suala hilo, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana hivyo. Mwambao ukaisha, na kwa hesabu ya siasa Ngala alikuwa ameshinda.

Lakini ndani ya ushindi huo mlikuwa na mwiba. Makubaliano yale yaliahidi kuwalinda Waislamu na mahakama za makadhi, na pia yaliahidi kuziheshimu hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa katika ukanda. Maana yake ni kwamba mashamba yale yaliyopatikana kwa sheria ya 1908 yalibaki kwa wenye hati zao, na skwota wa Kigiriama au wa Kidigo aliyelima humo alibaki skwota.

Na majimbo nayo hayakuugusa mwiba huo. Nguvu kubwa ya jimbo ilikuwa juu ya ardhi zilizokuwa hifadhi za Waafrika. Ardhi iliyokuwa na hati ililindwa na kifungu cha katiba kuhusu mali ya mtu binafsi. Chombo alichokipigania Ngala kingeweza kuwazuia wageni kutoka bara wasigawiwe ardhi ya Kaloleni, lakini hakikuwa na uwezo wa kumrudishia mkulima wa karibu na Malindi shamba la babu yake. Ugonjwa uliokuwa mkongwe kuliko yote Pwani haukuwa na dawa katika katiba ile.

Mei 1963 KANU ilishinda uchaguzi mkuu, na Juni 1 Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Ngala, mbunge wa Kilifi Kusini, akawa Kiongozi wa Upinzani katika Baraza la Wawakilishi, na wakati huohuo akawa rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Mguu mmoja Nairobi, mguu mmoja Mombasa.

Hapo ndipo mbunge wa sehemu ya mbali alipokiona kile ambacho karatasi haikukionyesha. Serikali kuu haikuyafuta majimbo. Iliyaacha na njaa. Madaraka yalichelewa kukabidhiwa, fedha zilitoka kwa shida, na watumishi waliendelea kupokea maagizo kutoka Nairobi. Katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba 1963, KANU ilifanikiwa kuipunguza katiba makali hata kabla ya uhuru wa Desemba 12.

Baadhi ya viongozi wa KADU walitishia kujitenga na kuigawa nchi. Ramani zilizungumzwa. Vitisho hivyo havikutekelezwa, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya Ngala ambayo huzungumzwa kidogo. Katika bara ambalo jirani yake Kongo ilikuwa imetoka tu kumwaga damu kwa ajili ya Katanga, kiongozi wa jamii zenye hofu aliirudisha vita yake katika ukumbi wa Bunge.

Mwaka 1964 wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU mmoja baada ya mwingine. Wengine walivutwa na vyeo, wengine walibanwa na wapiga kura wao wenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Mbunge wa upinzani alirudi kijijini bila barabara, bila zahanati na bila kazi ya kumpa kijana yeyote, wakati mwenzake wa chama tawala alifika na ahadi walau za leo na kesho.

Kenyatta alitaka nchi iwe jamhuri yenye rais mwenye nguvu, na alitangaza kuwa Bunge likishindwa kuipitisha hoja hiyo, serikali ingeipeleka kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ngala alizihesabu kura zilizobaki naye. Kupiga kura ya mwisho ya kukataa kungempa heshima, lakini kusingebadili kitu, na kungeiacha Pwani nje ya meza kwa muda usiojulikana.

Ndivyo ilivyofika Novemba 10. Desemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri, na katika muda mfupi majimbo yakageuzwa kuwa mikoa iliyoongozwa na wakuu walioteuliwa na Rais. Baraza alilokuwa akiliongoza Ngala mjini Mombasa likatoweka.

Malipo hayakuwa sawa kwa wote. Moi, mwenzake wa KADU, alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani karibu mara moja, akawa Makamu wa Rais mwaka 1967 na Rais mwaka 1978. Ngala, aliyekuwa mkubwa wake katika chama, alisubiri.

Nafasi ilikuja mwaka 1966. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi mwaka huo, cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Odinga kilivunjwa vipande vinane, na Ngala akapewa kipande cha Pwani. Mwaka huohuo akaingia Baraza la Mawaziri kushughulikia vyama vya ushirika na huduma za jamii.

Ushirika ulikuwa mlango mdogo, lakini haukuwa wa bure kwa watu wake. Mkulima wa nazi, korosho au pamba aliyekuwa akimuuzia dalali kwa bei ya dalali, kwa kuungana na wenzake aliweza walau kujadiliana. Katika siasa zake mpya Ngala aliacha kudai mamlaka ya jimbo na kuanza kudai fungu la Pwani katika keki ya taifa: ajira za bandarini, shule, na ugawaji wa ardhi ya serikali kwa maskwota.

Hata hivyo kumsemea mtu ukiwa ndani ya Baraza la Mawaziri si sawa na kumsemea ukiwa nje. Waziri hafungwi mdomo, lakini hupimwa maneno. Na Pwani yenyewe ilizidi kugawanyika. Mjini Mombasa alikabiliana na Msanifu Kombo katika kugombea uongozi wa KANU, na Robert Matano, ndugu wa Mijikenda kutoka Kwale, alikuwa akipanda ngazi kwa njia yake. Serikali kuu haikuhitaji kumwangusha Ngala. Ilitosha Pwani isiwe na sauti moja.

Baada ya uchaguzi wa 1969 aliongoza Wizara ya Nishati na Mawasiliano. Ilikuwa wizara nzito kuliko ile ya kwanza. Lakini mwaka huo pia nchi ilikuwa imebadilika. Mboya aliuawa kwa risasi Julai 5 mjini Nairobi, chama cha upinzani cha Odinga kilipigwa marufuku, na siasa za Kenya ziliingia katika msimu wa hofu.

Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia garini na dereva akashindwa kulimudu. Ngala alifariki dunia siku ya Krismasi, Desemba 25, akiwa na umri usiozidi miaka 50.

Pwani ilipokea habari hizo kwa kilio na kwa mashaka. Katika nchi ambayo ndani ya miaka minane Pio Gama Pinto na Tom Mboya walikuwa wameuawa kwa risasi, wengi hawakuwa tayari kuamini hadithi ya nyuki. Hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo cha Ngala, lakini mashaka yale yalirithiwa na watoto na wajukuu.

Jina lake lilibaki. Nairobi imempa mtaa mmoja wenye msongamano kuliko mingi, ambako maelfu ya abiria hupanda na kushuka matatu kila siku, wengi wao bila kujua Ngala alikuwa nani. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alifuata nyayo zake na kuwa mbunge na waziri.

Kilio chake kilibaki pia. Katika miaka ya 1970 serikali iliwapa makazi familia kutoka bara katika mpango wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, Lamu, wakati maskwota wa Kilifi na Malindi walikuwa wakingoja. Mwishoni mwa karne, Agosti 1997, ghasia za Likoni ziliwaua na kuwafukuza watu wa bara, na neno majimbo likatamkwa tena, safari hii na watu wenye mapanga. Miaka michache baadaye kundi la Mombasa Republican Council likaufufua mkataba wa 1895 na kudai Pwani ijitenge.

Ngala asingeitambua sura hiyo ya wazo lake. Yeye alikuwa ameupinga utengano wa Mwambao, na majimbo aliyoyataka yalikuwa ya sheria, ya mabaraza na ya bajeti. Lakini ndivyo inavyokuwa hoja halali inapokosa mahali pa kusemewa. Hushuka kutoka ukumbini na kuokotwa na wasio na subira.

Agosti 2010 Wakenya waliipitisha katiba mpya kwa kura ya maoni. Nchi iligawanywa katika kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake, na katiba ikaagiza kwamba fungu la mapato ya taifa lipelekwe huko kila mwaka bila kutegemea hisani ya mtu. Seneti ilirudi. Pwani ilipata kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013.

Neno majimbo halikutumika, kwani lilikuwa limechafuka. Likatumika ugatuzi. Lakini aliyesoma mijadala ya mwaka 1962 hapati shida kuitambua hoja. Tofauti kubwa iko katika kile alichokikosa Ngala: fungu la fedha lililoandikwa ndani ya katiba yenyewe. Mwaka 1964 jimbo liliweza kuuawa kwa kunyimwa hundi. Katiba ya leo imejaribu kuuziba mlango huo, ingawa magavana hawajaacha kulalamikia fedha zinazochelewa.

Mwiba wa ardhi ungalimo. Tume ya Taifa ya Ardhi iliyoundwa na katiba hiyo ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na hati zilizoanzia sheria ya 1908 zingali zinagombewa mahakamani na mashambani.

Basi je, Ngala aliiuza Pwani? Aliyekuwa na kitu cha kuuza ni yule mwenye nguvu, na kufikia Novemba 1964 nguvu ya Ngala ilikuwa imebaki katika karatasi. Alichofanya siku ile ni kukiri mbele ya Bunge jambo ambalo wapiga kura wake walikuwa hawajalikubali bado, kwamba sauti peke yake haikutosha.

Kosa lake, kama lilikuwapo, lilitangulia siku ile. Alipigania mamlaka kabla ya kupigania fedha za kuyaendesha, na alikubali katiba iliyowalinda wenye hati kabla ya kuwauliza wasio nazo. Hayo mawili ndiyo yaliyowafunga watu wa Pwani muda mrefu baada ya KADU kusahaulika, na mkulima wa Kilifi anayeishi leo kwenye shamba lenye jina la mtu mwingine bado anangoja mtu wa kumalizia sentensi ambayo mwalimu wa Kaloleni aliianza.